Uzi: Kupiga picha maua ya msituni majira ya machipuko, tujuzane kabla blubeli hazijaisha

KivuliChaMwaloni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ikikaribia mwisho wa Aprili, wenzetu walioko Uingereza na Ubelgiji huanza kutupia humu picha za blubeli, yale maua ya buluu yaliyotanda msituni, na maswali yanayofuata ni yale yale. Mbona kwa macho ni buluu na kwenye picha ni zambarau? Mbona pale niliona zulia, nikifungua picha nyumbani naona vijiua vimetawanyika juu ya majani makavu? Nimeona tuwe na uzi mmoja tuyamalize humu. Mimi naishi London, naandika ninayoyajua ya huku. Walioko kwingine wataongeza nyama.

Nianze na maua, kamera itafuata. Naamini kabisa kwamba anayejua ua linaishije atapata picha nzuri kwa simu kumshinda mwenye lenzi ya bei mbaya asiyejua ua linafunguka saa ngapi.

Misitu ya huku ni ya miti inayopukutisha majani: mialoni, biichi na jamii zake. Baridi yote matawi yako matupu. Kuanzia Februari jua linapata nguvu na kufika hadi chini, halafu ikifika katikati ya Mei majani mapya yanafunga juu na chini panaingia giza. Mimea ya chini ina nafasi hiyo tu ya kuchipua, kuchanua, kufunga mbegu na kuweka akiba ya mwaka ujao ardhini. Machi zinatangulia primrozi za njano, zinafuata anemoni nyeupe. Blubeli zinashika zamu katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei, na kwenye mabonde yenye unyevu kitunguu saumu mwitu kinatoa vichala vyeupe huku msitu mzima ukinukia kitunguu. Mwaka wa joto vyote vinawahi, mwaka wa baridi vinachelewa. Kusini kunatangulia, Scotland inafuata. Kwa hiyo usiende kwa tarehe ya mwaka jana, nenda ukaangalie.

Chukua anemoni, Anemone nemorosa. Ua lake ni jeupe, mgongoni lina wekundu wa mbali, na linafuata jua. Jua likizama au mvua ikinyesha, linajifunga na kuinamisha kichwa. Sasa mtu aliyefundishwa kwamba mwanga mzuri ni wa alfajiri anadamka, anafika msituni saa kumi na mbili, anakuta maua yote yamefumba. Anemoni ni za saa nne asubuhi kwenda mbele, tena siku ya jua. Na ukikuta eneo kubwa limejaa anemoni, jua uko kwenye msitu mkongwe: mmea huu husambaa kwa takriban mita 2 tu katika miaka 100.

Blubeli, Hyacinthoides non-scripta, haijifungi usiku. Hii ndiyo ya kudamkia. Mwishoni mwa Aprili kusini mwa Uingereza jua linachomoza kama saa kumi na mbili kasoro robo. Saa ya kwanza mwanga unakuja ubavuni, unapita katikati ya mashina na kuyapiga maua kwa nyuma. Hapo simama ukielekea jua, ila jua lenyewe lifiche nyuma ya shina la mti, na rangi itawaka. Siku ya mawingu mepesi nayo ni njema, pengine bora zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa kivuli na mwanga havipishani sana. Saa sita ya jua kali rudi nyumbani ukanywe chai: utapata madoa meupe na vivuli vyeusi, na buluu yote itakuwa imepauka.

Suala la zambarau. Mwanga unaopita kwenye majani machanga una ukijani mwingi. Kamera ikiachiwa ijipangie rangi yenyewe inajaribu kuuondoa ule ukijani kwa kuongeza uwaridi, na buluu ikichanganyika na uwaridi unapata zambarau. Toa ile WB (mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi nyeupe) kwenye hali ya otomatiki. Iweke kwenye jua, au andika namba ya Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) mwenyewe, anza na 5000, angalia kioo, linganisha na ua lililo mbele yako. Piga kwa faili ghafi la RAW ili upate nafasi ya kurekebisha. Na kama kamera yako ina histogramu (grafu ya kiasi cha mwanga) ya rangi tatu, tazama ile ya buluu peke yake. Mara nyingi histogramu ya jumla inaonekana salama wakati buluu imeshafurika na ua limebaki bapa, halina mshipa wala mkunjo.

Suala la zulia. Ukisimama wima na lenzi pana ukapiga kuelekea chini, unapiga udongo ulio kati ya maua. Jicho halikuona huo udongo kwa sababu lilikuwa linatazama mbali, kwa mlalo. Basi fanya jicho lilivyofanya: chuchumaa, kamera iwe kwenye kimo cha goti, tumia lenzi ndefu, milimita 100 hadi 200, upige mbali kando ya njia. Lenzi ndefu inayabananisha maua ya mbele na ya nyuma, nafasi tupu zinapotea. Usishuke chini ya hapo, utaanza kuona mashina badala ya maua. Tundu la lenzi f/8 au f/11 kwa picha ya eneo zima. Kama unataka shina moja likae peke yake na vingine viwe ukungu wa rangi, f/2.8 au f/4.

Kwa shina moja, chagua kwanza. Shina zuri la blubeli limepinda juu, maua yameangukia upande mmoja, kila ua ni kikengele chembamba chenye ncha zilizojikunja kwa nje, na ukichungulia ndani chavua ni ya rangi ya maziwa. Chagua ambalo ua la chini halijaanza kunyauka, maana yanachanua kuanzia chini na la chini ndilo linalochakaa kwanza. Kamera iwe sambamba na shina ili urefu wote uwe kwenye fokasi. Upepo ukipita, subiri. Kati ya pumzi mbili za upepo huwa pana utulivu wa sekunde chache, hapo ndipo unapopiga, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 1600 isikutishe. Chembechembe kwenye picha zinarekebishika, ua lililotikisika halirekebishiki.

La mwisho na ndilo kubwa kwangu: miguu. Jani la blubeli likikanyagwa linavunjika na halinyanyuki tena, na jani ndilo linalolisha kitunguu kilicho ardhini. Blubeli kutoka mbegu hadi ua la kwanza inachukua kama miaka 5. Hatua zako za leo kutafuta pembe nzuri zitaonekana pale kwa miaka kadhaa. Karibu nusu ya blubeli zote duniani ziko Uingereza, kwa hiyo hapa si pa kuchezea. Baki njiani. Lenzi ndefu niliyoitaja inakupa kila kitu ukiwa njiani.

Walioko London: Chalet Wood ndani ya Wanstead Park, mashariki ya jiji, ni msitu mdogo, njia zimepangiwa magogo pembeni, unapiga bila kukanyaga kitu. Kew Gardens nako zipo, karibu na Queen Charlotte's Cottage. Mwenye usafiri aende Dockey Wood, eneo la Ashridge, Hertfordshire.

Karibuni.

PichaNaChai

Asante sana mleta uzi. Niko Leicester, natoka Nakuru. Mimi nina simu tu, sina lenzi ya milimita 200. Nifanyeje? Na swali la pili, watoto wangu wanataka kuchuma za kuweka nyumbani. Inaruhusiwa?

KivuliChaMwaloni

Dada, simu inatosha. Usitumie ile lenzi pana inayofunguka yenyewe. Gusa 2x au 3x kama simu yako ina lenzi hiyo kweli, si ile ya kukuza kwa programu. Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini, alama za vidole zinaharibu picha ya kupiga kuelekea mwanga kuliko kitu kingine chochote. Kisha gusa ua kwenye skrini, shikilia hadi fokasi ijifunge, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole mpaka buluu ikolee. Simu nyingi hupenda kuangaza sana, na msituni giza kidogo ndilo linalobeba picha.

Kuhusu kuchuma: blubeli inalindwa na sheria ya wanyamapori na mimea ya mwaka 1981. Kung'oa kitunguu chake porini ni kosa, na tangu 1998 hata mwenye ardhi haruhusiwi kung'oa za porini akauze. Watoto nao waelezwe mapema kwamba utomvu na vitunguu vyake vina sumu. Wape simu wapige picha, watafurahi vilevile. Na wavae suruali ndefu, soksi juu ya suruali: misitu hii ina kupe, na kupe wa huku wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Mkirudi nyumbani wakague nyuma ya magoti na kwenye nywele.

MwanaKivu

Aksanti sana ndugu. Mimi niko Brussels, na huku kwetu msitu ni Hallerbos, karibu na mji wa Halle. Una hekta zaidi ya 550. Watu wengi wanafikiri ule msitu ni wa zamani sana kwa vile miti imejipanga mirefu na mizuri, lakini Wajerumani waliikata karibu yote katika Vita Kuu ya Kwanza, na miti ikapandwa upya kati ya 1930 na 1950. Ndiyo sababu mashina mengi yanalingana umri na yamesimama wima. Kwa mpiga picha hiyo ni zawadi: mashina yanakupa mistari ya juu kwenda chini na maua yanakupa mstari wa kulala.

Nachoongeza: pale kuna siku chache ambapo majani ya biichi yamefunguka lakini bado ni laini, yana kijani cha ndimu na mwanga unapita ndani yake, wakati blubeli ziko kileleni. Ukizipata siku hizo hutazisahau. Baada ya hapo majani yanakuwa mazito, chini panakuwa na giza, na hata maua yakiwa bado yapo picha haipatikani tena. Mimi naenda siku ya kazi alfajiri. Wikendi ni watu na watu, kila picha ina koti jekundu nyuma.

Mzee_wa_Fokasi

Mleta uzi umetoa somo zuri, ila kwenye suala la kukanyaga nadhani umekaza mno. Hatua mbili tatu pembeni ya njia, kwa uangalifu, ukiweka mguu kati ya mimea, zinadhuru nini? Msitu una kulungu, wanalala humo humo juu ya maua.

KivuliChaMwaloni

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapo sitaregeza. Kulungu halali mahali pamoja kila siku msimu mzima. Sisi tunarudi palepale. Mmoja akiona pembe nzuri na kupiga, anaweka mtandaoni, wa pili anaitafuta pembe ile ile, anakuta nyasi zimelala kidogo, anapita hapo hapo. Kufikia mwisho wa Aprili pameshakuwa na kijinjia, na mwaka unaofuata kijinjia kile ni udongo mtupu. Nenda msitu wowote maarufu uangalie chini, utaziona: njia fupi zinazoingia hatua tano na kuishia kwenye mti uliopendeza. Hakuna aliyezichonga kwa makusudi.

Halafu mguu wa mtu hauwezi kuingia kati ya mimea wakati majani ya blubeli yamelala chini kila upande kama hapo. Unachokiona ni maua. Majani yako chini yake, na hayo ndiyo unayoyakanyaga.

Mzee_wa_Fokasi

Hilo la majani nimelielewa, sikuwa nimelitazama hivyo. Nitabaki njiani. Ila tripodi je? Njia nyingine ni nyembamba na watu wanapita.

KivuliChaMwaloni

Funga miguu mitatu pamoja uitumie kama mguu mmoja. Inatuliza vya kutosha kwa lenzi ndefu, na haifungi njia. Sehemu nyingine wanakataza tripodi kabisa saa za watu wengi, soma bango la mlangoni.

MtuWaMakete

Wakuu, nimesoma uzi huu nikiwa Makete na nimeona niseme la huku. Nyanda za Kitulo, wenyewe tunaita Bustani ya Mungu, zimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, takriban kilomita za mraba 413, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Maua yetu yanafuata mvua: Desemba hadi Aprili. Kuna okidi za ardhini aina 45.

Kitulo ni nyasi, si msitu, kwa hiyo hatuna mwanga wa kuchujwa na majani. Jua la mwinuko ule ni kali na linapausha petali. Ninachofanya ni kubeba mwavuli mweupe. Naufungua juu ya ua, unapata kivuli laini, na rangi inarudi. Asubuhi kuna ukungu, na huo ukungu ni mwanga bora kuliko wote, okidi zinatokeza na matone juu yake. Upepo unaanza ukungu ukishaondoka, kwa hiyo kazi ya karibu ifanye mapema.

Alichosema mleta uzi kuhusu vitunguu vinavyong'olewa kimenigusa sana. Okidi zetu nazo zina viazi ardhini, watu wanavichimba kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na soko kubwa liko Zambia. Ukichimba kiazi umemaliza mmea. Kwa hiyo sisi tunaopiga picha huku tuna tabia moja: okidi adimu hatutaji ilipo. Picha tunaiweka, mahali hatusemi, na kwenye simu tunazima ile alama ya mahali inayojiandika ndani ya picha. Nawashauri na nyie wa blubeli mfanye hivyo kwa misitu midogo isiyo na walinzi.

KivuliChaMwaloni

Mtu wa Makete, hili la kuzima alama ya mahali naliunga mkono kwa asilimia zote. Ndiyo sababu hapo juu nimetaja maeneo yaliyo na njia na usimamizi tu. Na mwavuli mweupe nauchukua kwenda kuujaribu kwa kitunguu saumu mwitu. Maua meupe chini ya jua yananisumbua.

Amani_Juu

Salaam kutoka Muheza. Nilitaka kuuliza kuhusu ua letu la Usambara, lile ambalo dunia nzima wanaliotesha kwenye vyungu dirishani. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa Kijerumani Tanga, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wameliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus. Huku Amani lipo kwenye miamba yenye kuvumwani na majimaji, ndani kabisa ya kivuli. Msitu wetu haupukutishi majani kwa pamoja, kwa hiyo hakuna ule msimu wa mwanga mnaousema. Nikipiga linatoka giza, au kijani kibichi kila mahali. Nitumie flashi?

KivuliChaMwaloni

Hapana, flashi ya mbele iache. Majani ya ua hilo yana vinyweleo, flashi inavipiga vyote kwa mpigo na jani linageuka la plastiki. Wewe una kitu ambacho sisi hatuna: mahali palipojificha, upepo ni mdogo sana. Kwa hiyo tumia muda. Tripodi fupi, weka kwenye jiwe tupu, si juu ya kuvumwani, shata nusu sekunde au hata sekunde mbili, ISO 100 au 200, bonyeza kwa kihesabio cha sekunde mbili ili mkono usitikise.

Ukijani uondoe kwa WB kama nilivyoeleza, ila kwako weka karatasi nyeupe karibu na ua, ipige picha kwanza, kisha iambie kamera hiyo ndiyo nyeupe. Karatasi hiyo hiyo ishike upande wa kivuli cha ua, irudishe mwanga kidogo ndani. Fokasi iwe kwenye zile chavulio mbili za njano katikati. Zikiwa kali, ua zima linasimama. Kwenye jiwe lenye maji kichujio cha polaraiza kitakusaidia sana: kizungushe polepole, mng'ao wa maji unaondoka na rangi ya jani inabaki.

Na tafadhali usikwangue kuvumwani kusafisha mandharinyuma. Mmea umeota humo.

Amani_Juu

Shukrani mkuu. Jumamosi naingia msituni na mlinzi wa hifadhi, nitaleta majibu.

PichaNaChai

Nimerudi. Nimepata za buluu kwenye bustani ya umma karibu na kwangu, nimezipiga kwa 3x kama ulivyosema na rangi imetulia. Lakini zangu zimesimama wima, hazijapinda, na maua yamezunguka shina pande zote. Ni hizo hizo?

KivuliChaMwaloni

Hongera, rangi imekaa vizuri sana. Kwa maelezo hayo zinafanana na blubeli ya Kihispania, Hyacinthoides hispanica, au mchanganyiko wake na ya hapa. Ilipandwa kwenye bustani ikatoroka, na inachanganyika na ya asili, ndiyo maana watu wa hifadhi wanaifuatilia. Harufu yake ni hafifu, ya asili inanukia tamu. Ila usiamue kwa shina peke yake, mchanganyiko unadanganya. Rudi na simu, jitahidi upige ndani ya ua moja kwa karibu. Chavua ikiwa ya buluu ni ya Kihispania au chotara. Ikiwa rangi ya maziwa, huenda ni ya asili. Tupia picha hiyo hapa tuitazame.